Maambukizi Yamekwisha, Tumbo Halijatulia: Fanya Hivi

Maswali yenu kuhusu tumbo yanafanana kuliko mnavyodhani. Mtu aliharisha baada ya harusi, msiba au safari ndefu ya basi. Akapewa dawa, akapata nafuu, kisha choo kikarudi kuwa cha majimaji, safari hii na damu. Miezi imepita. Wengine wameshaambiwa wana uvimbe sugu wa utumbo na wanauliza kama ni yale maambukizi yaliyowaletea. Wengine hawajaambiwa lolote, na bado wanameza dozi nyingine ya Flagyl.

Nawajibu wote kwa pamoja, kwa sababu njia ya kupita ni moja.

Inawezekana kabisa kwamba maambukizi yalichochea ugonjwa wako. Lakini hakuna daktari anayeweza kukuthibitishia hilo wewe binafsi, na hata angeweza, tiba yako isingebadilika. Jambo linalobadilisha tiba ni kujua kama maambukizi bado yamo tumboni au hayajawahi kutambuliwa, na kulijua kabla hujapewa dawa za kushusha kinga ya mwili. Hapo ndipo watu wanapoumizwa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

## Ugonjwa wenyewe, kwa ufupi

Uvimbe sugu wa utumbo ni magonjwa mawili makuu.

- Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana peke yake. Huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu. Mgonjwa hutoa choo chenye damu na kamasi, hubanwa ghafla, na hata akitoka chooni huhisi haja bado ipo.
- Ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Mara nyingi hukaa mwisho wa utumbo mwembamba, chini kulia mwa tumbo. Mgonjwa hukonda, huumwa tumbo baada ya kula, na wengine hutoka usaha kando ya njia ya haja kubwa.

Katika yote mawili, kinga ya mwili inaushambulia utumbo na haijui kuacha. Huu si ule ugonjwa wa vidonda vya tumbo vinavyouma mtu akiwa na njaa, kwa hiyo omeprazoli haitausaidia.

## Vijidudu vinahusikaje?

Watafiti wa Denmark waliwafuatilia kwa miaka watu zaidi ya 13,000 waliothibitishwa kuugua salmonela au kampilobakta, bakteria wanaotokana sana na kuku, mayai na maji machafu. Mwaka 2009 walieleza kwamba watu hao walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kugundulika na uvimbe sugu wa utumbo kuliko wasiougua. Matokeo hayo yalishtua wengi. Mwaka 2011 watafiti wengine wa huko huko Denmark wakaonyesha kwamba hata watu waliopimwa choo wakakutwa hawana kijidudu nao uwezekano wao ulikuwa umepanda. Yaani baadhi yao walipelekwa maabara kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshaanza chini kwa chini.

Nalisisitiza hili kwa kuwa wengi wenu mnajilaumu kwa chakula mlichokula siku fulani. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa huu miezi kadhaa bila kuujua, akapata kuharisha kwa kawaida, na kuharisha huko ndiko kukamfikisha hospitali. Yeye atakumbuka ile sahani ya chipsi kuku, kumbe utumbo ulianza zamani.

Urithi nao umo. Mwaka 2001 iligunduliwa jeni ya kwanza inayohusishwa na Crohn, na tangu hapo zimeongezeka sehemu zaidi ya 200 za urithi wa binadamu zinazochangia uvimbe sugu wa utumbo. Antibayotiki nyingi utotoni na uvutaji wa sigara, hasa kwa Crohn, vimehusishwa pia. Kijidudu kinaweza kuanzisha mambo kwa mtu ambaye mwili wake ulikuwa tayari. Jirani yake aliyekula sahani hiyo hiyo ataharisha siku tatu na kupona.

Na hata kati ya wale waliougua salmonela na kampilobakta kule Denmark, walio wengi mno hawakuupata ugonjwa huu.

## Linalotokea zaidi ni jingine

Mei 2000 maji ya bomba ya mji wa Walkerton, Kanada, yaliingiwa na bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe. Watu wapatao 2,300 waliugua na 7 wakafa. Wakazi walipofuatiliwa kwa miaka iliyofuata, wengi walibaki na tumbo linalosumbua: maumivu, gesi, choo kisichotabirika. Utumbo wao haukuwa na vidonda. Ulikuwa umebaki mwepesi kushtuka baada ya maambukizi. Hali hii humpata takriban mtu 1 katika kila 10 waliougua maambukizi ya tumbo, na kwa wengi hupungua yenyewe polepole.

Kwa hiyo kabla ya kuogopa, jitazame. Dalili hizi zinaelekea kwenye uvimbe halisi wa utumbo, na mtu asizipuuze:

- damu kwenye choo inayojirudia
- kuamshwa usiku na haja
- kukonda bila kupenda
- homa, au jasho jingi usiku
- upungufu wa damu
- viungo kuvimba, macho mekundu yenye maumivu, au vidonda mdomoni visivyoisha
- mtoto asiyekua wala kuongezeka uzito

Usipokuwa na hata moja, na maumivu yako hupungua ukienda haja, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni tumbo lililobaki na wepesi wa kushtuka. Bado mwone daktari, ila usilale ukiwaza mabaya.

## Hesabu wiki, usihesabu dozi

Kuhara damu kwa bakteria wengi huisha ndani ya siku 7 hivi. Kukipita siku 14, jambo si la kawaida. Kukipita wiki 4 ni kuharisha sugu, na kuharisha sugu hakutibiwi kwa kubahatisha.

Nawasihi mliache hili: kurudi duka la dawa na kuomba Flagyl na sipro kwa mara ya tatu. Najua kwa nini mnafanya. Duka liko karibu, dawa ni rahisi, na kweli siku mbili tatu unapata nafuu. Nafuu hiyo haithibitishi kwamba ulikuwa na amiba. Uvimbe wa utumbo hupanda na kushuka wenyewe, na antibayotiki hubadilisha bakteria wa tumboni kwa muda. Halafu kuna hatari ya pili. Antibayotiki zinaweza kumwachia nafasi bakteria aitwaye klostridiamu difisili, ambaye huleta kuharisha kukali na kuamsha upya ugonjwa wa utumbo uliokuwa umetulia.

Dozi moja kamili imeshindwa? Acha kununua, nenda upimwe.

## Nenda na karatasi mkononi

Daktari wa kliniki yenye foleni ana dakika chache za kukusikiliza. Ukimwambia "tumbo linanisumbua", utaondoka na dawa za tumbo linalosumbua. Kwa wiki moja kabla ya kwenda, andika kila siku mistari miwili, kama hivi:

*Jumanne. Choo mara 6, usiku mara 2. Damu nyekundu imechanganyika na choo, kamasi ipo. Maumivu chini kushoto, yanapungua nikitoka. Homa hakuna. Nimekula ugali, dagaa, mchicha.*

*Jumatano. Choo mara 5. Damu kidogo. Nimemeza diklofenaki mbili kwa ajili ya mgongo.*

Ile diklofenaki ni muhimu. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuchokoza utumbo. Mgonjwa asingeitaja kwa mdomo kwa sababu kwake yeye hiyo ni dawa ya mgongo.

Beba pia maboksi ya dawa zote ulizotumia, hata matupu, na majibu yote ya vipimo. Kama ndugu wa damu ana ugonjwa wa utumbo, au mmoja nyumbani amewahi kutibiwa kifua kikuu, litaje bila kuulizwa.

## Vipimo, kwa mpangilio huu

Kwanza, choo. Toa sampuli kabla ya kumeza antibayotiki yoyote. Iwe mbichi: amiba anayekula utumbo huonekana akitembea, na chembe nyekundu za damu tumboni mwake, sampuli ikifika kwenye hadubini ndani ya nusu saa hivi. Choo cha jana usiku kwenye kopo kitampa mtaalamu wa maabara mabaki tu. Kwa vimelea, mara nyingi huhitajika sampuli tatu za siku tofauti. Omba pia choo kioteshwe kutafuta bakteria, na kama ulitumia antibayotiki hivi karibuni, uliza kipimo cha klostridiamu difisili.

Jueni pia kwamba kuna amiba wawili wanaofanana kabisa kwenye hadubini, na mmoja hana madhara. Cheti kilichoandikwa "amiba" hakitoshi kueleza damu ya miezi mitatu. Na kile kipimo cha damu cha taifodi kinachofanywa kila kona, Widal, huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Usikubali kuitwa mgonjwa wa taifodi mara nne kwa mwaka.

Pili, damu. Wingi wa damu, dalili za uvimbe mwilini, ini, figo, na VVU. Kipimo cha VVU si tusi wala tuhuma. Kuharisha sugu ni moja ya dalili zake, na kuna vimelea ambavyo daktari havitafuti mpaka ajue hali ya kinga yako.

Tatu, kichocho, kwa mliokulia au kufanya kazi kando ya Ziwa Victoria na maziwa mengine. Kichocho cha tumbo huleta choo chenye damu, na hutibika kwa prazikwanteli.

Nne, kalprotektini ya choo, pale inapopatikana. Ikiwa chini, uvimbe wa utumbo hauelekei kuwepo, na unaweza kuepushwa na kamera. Ikiwa juu, haisemi ni uvimbe gani, kwa sababu maambukizi nayo huipandisha.

Tano, kamera ya utumbo mpana, pamoja na kuchukua vinyama vya utumbo vya kupimwa. Hapa hakuna njia ya mkato. Bila kamera na vinyama hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba una kolaitisi ya vidonda au Crohn ya utumbo mpana. Kipimo hiki kinafanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na kwenye hospitali kubwa za rufaa. Uliza mapema kuhusu bima na tarehe, maana foleni ni ndefu. Siku moja kabla utakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Inachosha, lakini imalize yote: tumbo lisiposafika, daktari haoni na utarudia.

## Kifua kikuu cha tumbo: msiliruke hili

Kama ningeruhusiwa kuwaachia sehemu moja tu ya makala hii, ningewaachia hii.

Kifua kikuu hakiishii kifuani. Hushika utumbo, na hupenda mahali pale pale panapopendwa na Crohn: mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana. Hukondesha, huleta homa, maumivu na vidonda. Kwa kamera vinaweza kufanana hadi daktari mzoefu akasita. Crohn hutibiwa kwa kushusha kinga. Mwenye kifua kikuu akishushwa kinga, ugonjwa husambaa.

Katika nchi zetu, anayeambiwa ana Crohn aulize maswali haya, kwa heshima lakini bila kuona haya:

1. Vinyama vyangu vimepimwa kifua kikuu, au vimepelekwa kwa ajili ya kuangalia uvimbe na saratani tu?
2. Picha ya kifua imepigwa? (Ikiwa safi, haijamaliza shaka. Wengi wenye kifua kikuu cha utumbo picha yao ya kifua haina kitu.)
3. Kinyama kimepimwa kwa GeneXpert, kipimo cha kutafuta kifua kikuu? (Ikikuta, imekuta. Ikikosa, bado kifua kikuu kinaweza kuwepo.)
4. Tukibaki na shaka, tunaanza na nini?

Jibu la swali la nne huwashangaza wagonjwa. Mara nyingi daktari makini huanza na dawa za kifua kikuu, kisha hurudia kamera baada ya miezi miwili au mitatu. Vidonda vikiwa vimepona, kilikuwa kifua kikuu, na unamalizia dozi. Visipopona, mnahamia kwenye Crohn mkiwa na amani. Huko si kubahatisha kama kwa duka la dawa, kwa sababu hapa kuna tarehe ya kuangalia tena na kitu kinachoangaliwa.

## Kabla ya kumeza prednisoloni

Prednisoloni hutuliza uvimbe haraka kwa kushusha kinga ya mwili, na ndiyo maana hupendwa. Utajisikia vizuri hata kama ugonjwa uliotajwa siyo wenyewe. Ndani ya utumbo wenye amiba inaweza kuuacha utumbo ukitoboka.

Kuna mnyoo pia anayesahaulika, strongiloidi. Huingia kupitia ngozi ya miguu peku na huweza kukaa mwilini miaka mingi akijizalisha humo humo bila dalili kubwa. Mgonjwa akipewa prednisoloni, minyoo hiyo hutawanyika hadi mapafuni, na wagonjwa wengine hufa. Kipimo kimoja cha choo kinaweza kumkosa. Muulize daktari kama inafaa upewe ivamektini kwanza. Mliowahi kuishi kwenye misitu ya Kongo mseme hivyo wazi, kwa sababu mwenye mnyoo wa loa anaweza kupata madhara makubwa kwa ivamektini.

## "Lakini..."

"Lakini mimi ni bawasiri tu." Bawasiri hutoa damu nyekundu juu ya choo au kwenye karatasi. Haileti kuharisha, homa wala kukonda. Ukiwa na hayo, anayekuuzia dawa ya bawasiri bila kukupima anakuchelewesha.

"Lakini haya ni magonjwa ya Wazungu." Ni kweli yalionekana zaidi Ulaya na Marekani. Lakini yanaongezeka miji inapokua na vyakula vinapobadilika, na wengine kwetu walikuwa nayo wakaitwa wagonjwa wa amiba hadi mwisho.

"Nimesikia ni maziwa ya ng'ombe." Ng'ombe wana ugonjwa wa utumbo unaofanana na Crohn, unaoletwa na bakteria Mycobacterium avium paratuberculosis. Daktari wa upasuaji wa Glasgow, Dalziel, aliuona mfanano huo tangu 1913. Hadi leo haijathibitika kwamba bakteria huyo ndiye chanzo kwa binadamu, na jaribio la Australia la kuwapa wagonjwa wa Crohn antibayotiki tatu dhidi yake kwa miaka miwili, lililochapishwa 2007, halikuleta nafuu ya kudumu. Chemsha maziwa hata hivyo: kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba ni sababu tosha.

"Basi nisitibu minyoo, nimesoma inalinda utumbo." Kuna utafiti juu ya hilo. Hautoshi kukufanya uishi na minyoo inayonyonya damu yako. Tibu.

## Ukishathibitika unao

- Usiache dawa ulizopewa, kama mesalazini, salfasalazini au azathioprini, kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo inatokana na dawa.
- Dalili zikirudi, pima choo kwanza. Maambukizi mapya yanaweza kuamsha ugonjwa au kujifanya ndio wenyewe. Usijiongezee prednisoloni.
- Kabla ya dawa za kushusha kinga, pimwa homa ya ini B na kifua kikuu kilichojificha, na chanjwa homa ya ini B kama huna kinga.
- Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai. Ukiwa kwenye azathioprini, prednisoloni nyingi au sindano za kushusha kinga, usichanjwe mpakani ili tu upate kadi. Mwombe daktari barua mapema kabla ya safari.
- Maji ya kunywa yachemshwe. Saladi na juisi za barabarani ziache, hasa ukiwa kwenye dawa hizo.

## Usisubiri kliniki

Nenda hospitali leo hii kama choo chenye damu kimefika mara 6 au zaidi kwa siku, na kuna homa au moyo kwenda mbio; vilevile tumbo likivimba na kuwa gumu, ukizimia, au mtoto akikosa mkojo kwa saa nyingi. Usimeze dawa ya kufunga choo katika hali hiyo, kwa kuwa utumbo mpana unaweza kutanuka na kupasuka. Njiani kunywa maji ya chumvichumvi. Kama pakiti hakuna: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

## Swali la mwisho, la akina mama wengi

"Nitamwambukiza mwanangu?" Hapana. Kolaitisi ya vidonda na Crohn haziambukizi kwa sahani, choo, maziwa ya mama wala kulala kitanda kimoja. Msitenganishe vyombo. Mtoto anarithi uwezekano mkubwa zaidi kuliko wa watoto wengine, lakini walio wengi hawaupati. Akiharisha kama watoto wote wanavyoharisha, mpe maji ya chumvichumvi na zinki na umnyonyeshe kama kawaida. Kukipita siku 14, au ukiona damu, mpeleke, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba mama yake ana ugonjwa huu.